Mgonjwa wa Kisukari Anapozungumza Kihispania: Mwongozo kwa Wauguzi Wetu Walioko Marekani

Wauguzi na wahudumu wa afya kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wametapakaa Marekani, kuanzia Texas hadi Minnesota, na popote walipo hukutana na mgonjwa wa namna moja: mtu mzima kutoka Meksiko, Guatemala, El Salvador au Jamhuri ya Dominika, mwenye kisukari cha aina ya pili, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Zaidi ya watu milioni 40 nchini humo huzungumza Kihispania nyumbani. Wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wale wasiokijua, pamoja na wale wanaokijua cha dukani na kazini lakini cha hospitalini kinawapiga chenga.

Kwa mujibu wa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, mtu mzima wa Marekani ana uwezekano wa asilimia 40 wa kupata kisukari cha aina ya pili katika maisha yake. Kwa mtu mzima wa asili ya Amerika ya Kilatini uwezekano huo unapita asilimia 50. Na huu si ugonjwa ambao daktari anaumaliza mwenyewe wakati mgonjwa amelala kitandani. Mgonjwa ndiye anayepima, ndiye anayejichoma sindano, ndiye anayeamua afanye nini akiona mashine imeandika 62, yaani sukari imeshuka, saa nane za usiku. Kila kitu anachokijua kuhusu uamuzi huo kimemfikia kwa maneno. Utafiti uliofanywa Kaskazini mwa California miongoni mwa wagonjwa wa Kaiser Permanente, shirika kubwa la bima na hospitali, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wagonjwa wa Kilatino wasiojua Kiingereza vizuri walipohamishiwa kwa daktari anayejua Kihispania, sukari yao ilidhibitiwa vizuri zaidi.

Wengi wetu hatujui Kihispania na hatutakijua kesho. Lakini zipo hatua ambazo muuguzi yeyote anaweza kuzifuata kuanzia zamu yake ijayo.

Hatua ya kwanza: ijue lugha yake kabla hajafika

Usikisie lugha kwa jina wala kwa sura. Aulizwe wakati wa kupanga miadi: "¿En qué idioma prefiere hablar de su salud?", yaani angependa kuzungumzia afya yake kwa lugha gani. Kumuuliza kama anajua Kiingereza hakusaidii sana. Mtu mwenye staha atajibu ndiyo ili asikusumbue.

Kuna jambo ambalo hata hospitali zenye uzoefu hulisahau: si kila anayetoka Amerika ya Kilatini alilelewa kwa Kihispania. Guatemala kuna watu ambao lugha yao ya mama ni Mam, K'iche' au Q'anjob'al. Oaxaca, kusini mwa Meksiko, wako wanaozungumza Mixteco au Zapoteco. Kihispania kwao ni lugha ya shuleni na sokoni. Sisi tunalielewa hili haraka kuliko wenyeji, maana tunao wazee vijijini wanaokwambia Kiswahili wanakijua, kumbe ukianza kuwaeleza habari za figo unawaacha njiani. Ukiona mgonjwa anajibu neno moja moja hata mbele ya mkalimani mzuri, uliza: "¿Qué lengua hablan en su casa?", yaani nyumbani kwao wanazungumza lugha gani. Wakalimani wa lugha hizo wapo kwa simu, ila mara nyingi lazima uwaombe mapema.

Kisha ulizia kusoma, kwa upole. Wako waliotoka shuleni mapema wakaingia shambani. Badala ya kumuuliza kama anajua kusoma, muulize anapenda maelezo ya karatasi, ya picha au ya mdomo. Andika majibu yote kwenye faili, mahali ambapo muuguzi wa zamu ijayo atayaona bila kuyatafuta.

Hatua ya pili: mtafute mkalimani wa kweli

Mkalimani ni haki ya mgonjwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na hilo limechukuliwa kuwa linagusa lugha. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kimeliweka wazi zaidi, na kanuni zake za mwaka 2024 zinataka mkalimani awe mtu aliyehitimu kwa kazi hiyo. Gharama ni ya hospitali, mgonjwa hatozwi. Unaweza kusikia watu kazini wakisema mambo hayo yaliisha Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa kwa amri ya rais kuwa lugha rasmi. Amri ile ilifuta amri nyingine ya rais ya mwaka 2000. Sheria hizo mbili haikuzifuta, na haiwezi kuzifuta.

Asitumike mtoto. Kanuni zinaruhusu mtoto kutafsiri kwa dharura tu, kwa muda, wakati mkalimani anatafutwa. Na hata kama zingeruhusu, fikiria binti wa miaka kumi na mbili anayeambiwa amweleze baba yake kwamba ugonjwa huu huweza kumpunguzia nguvu za kiume, au kwamba kidole cha mguu kitakatwa. Ama atalificha jambo hilo, ama atalibeba moyoni. Ndugu mtu mzima naye ana shida yake: hupunguza makali ya habari mbaya, hujibu kwa niaba ya mgonjwa, na mara nyingine yeye ndiye anayetaka kusikia jambo ambalo mgonjwa hataki alijue. Mkaribishe akae, kwa sababu familia ndiyo itakayopika na kukumbusha dawa, ila kazi ya kutafsiri mwachie mkalimani. Ukimweleza ndugu kwamba unampa nafasi ya kuwa mwana au mke siku hiyo, wengi hupumua.

Kuhusu programu za kutafsiri za kwenye simu: zitumie kumwonyesha mtu choo kilipo. Dozi ya insulini usizipe. Kanuni hizohizo za 2024 zinataka maandishi muhimu yaliyotafsiriwa na mashine yapitiwe na mtafsiri wa binadamu aliyehitimu.

Sasa nije kwetu. Irabu za Kihispania ni zetu zilezile tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu vilevile. Herufi ñ ni "ny" ya nyanya, j inakaribia "kh" ya kheri, ll kwa wengi ni "y", qu ni "k", na h haitamkwi. Matokeo yake ni kwamba sentensi moja uliyoikariri itatoka mdomoni mwako vizuri kuliko kwa Mmarekani aliyesoma Kihispania miaka miwili. Mgonjwa atafurahi, kisha atakumiminia habari ya nusu saa kwa kasi ya mvua ya masika, akiamini umeelewa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kujifunza ni hii: "Hablo muy poco español. Voy a llamar al intérprete." Naongea Kihispania kidogo sana, namwita mkalimani. Itamke vizuri, halafu umwite kweli.

Hatua ya tatu: salimu, kaa, na umtazame mgonjwa

Zungumza na mkalimani kidogo kabla ya kuanza: mwambie ni miadi ya kisukari, kwamba mtazungumzia sindano au matokeo ya damu, na kwamba utamwomba mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake. Akiwa chumbani, akae pembeni kidogo nyuma ya mgonjwa, ili macho yako na ya mgonjwa yakutane. Kama ni wa simu au wa video, weka kifaa upande wa mgonjwa.

Sema na mgonjwa moja kwa moja. "Mama, leo umekula nini?" na si "Muulize amekula nini." Sentensi fupi, kisha nyamaza mpaka itafsiriwe. Mafumbo na vifupisho vya hospitali viache nje.

Usianze na namba. Kwa wazee wa Kimeksiko na wa Amerika ya Kati, anayeingia na kuuliza sukari ya leo ni ngapi kabla ya kujuliana hali ameonyesha utovu wa adabu, na hili halihitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyelelewa na shikamoo. Mwite señora au señor pamoja na jina la ukoo, au don na doña pamoja na jina la kwanza kama amekuruhusu. Tumia usted, neno la heshima, hata kama yeye anakuita mija, yaani binti yangu. Dakika mbili za kuulizia wajukuu zitakurudishia mengi, kwa sababu mgonjwa anayekuheshimu bila kukuamini atakubali kila unachosema na kwenda kufanya lake.

Hatua ya nne: mwombe alete dawa zote, na usikilize anavyoueleza ugonjwa wake

Siku ya kupanga miadi mwambie alete kila kitu anachotumia ndani ya mfuko mmoja: vidonge, sindano, chai, unga, majani, na dawa alizopewa na jirani. Swali lake ni "¿Qué otras medicinas, tés o remedios toma?", yaani anatumia dawa, chai au tiba gani nyingine. Karibu na mpaka wa Meksiko, na hata mbali nao, watu hununua dawa upande wa pili kwa sababu ni rahisi, au hutumiwa na ndugu.

Hapa muuguzi aliyesomea Nairobi au Dar es Salaam ana jicho ambalo mwenzake wa Kimarekani hana. Kidonge cha kushusha sukari kinachoandikwa glibenclamida kwenye pakiti ya Meksiko ndicho glibenclamide tuliyoizoea nyumbani. Marekani dawa hiyohiyo inaitwa glyburide, na wenzako wanaweza wasijue kwamba ni kitu kimoja. Vivyo hivyo paracetamol, ambayo Marekani ni acetaminophen. Nimewahi kumwaga mfuko wa bibi mmoja mezani, tukakuta kopo la glyburide lenye lebo ya duka la dawa la mtaani, na chini yake pakiti ya metformina na glibenclamida ndani ya kidonge kimoja, aliyotumiwa na dada yake. Alikuwa anameza zote kwa uaminifu, na asubuhi alikuwa anaamka analoa jasho akidhani ni umri, kumbe ni sukari iliyoshuka. Kwenye orodha ya dawa ya kompyuta ile pakiti ya pili haikuwepo kabisa.

Ukisha kuona dawa, muulize anadhani ugonjwa ulianzaje. Wengi wa asili ya Meksiko watakwambia ulianza na susto, mshtuko mkubwa: ajali, kifo, kuvamiwa usiku. Wengine watataja coraje, hasira kali. Usimkatize wala usimcheke. Mwambie kwamba msongo wa mawazo kweli hupandisha sukari, na kwamba dawa inatibu sukari hiyo iwe ilianza kwa njia gani. Hapo umempa mahali pa kusimama.

Imani nzito kuliko zote ni kwamba insulini inapofusha. Chanzo chake kinaeleweka. Mjomba alikaa na sukari juu miaka kumi na tano, akaanzishiwa insulini macho yakiwa yameshaharibika, akapofuka mwaka uliofuata. Familia iliona sindano, kisha upofu. Ieleze kwa mpangilio huo huo wa miaka, ukionyesha ni kitu gani kilitangulia. Ukisema tu kwamba si kweli, utakuwa unabishana na upofu wa mjomba wake.

Kuhusu nopal, lile dungusi kakati ambalo watu hulila kama mboga: kama chakula ni zuri, lina nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo. Mwambie aendelee kulila pamoja na dawa, asilifanye badala ya dawa.

Hatua ya tano: patanisheni namba

Sisi tulizoea sukari ya damu kwa milimoli. Marekani na Meksiko wanatumia miligramu kwa desilita, na ukizidisha milimoli kwa 18 unapata namba yao. 3.9 ya nyumbani ni 70 ya huku, 7 ni 126, na 10 ni 180. Ihakikishe kichwani mwako kwanza, usije ukamtisha mgonjwa au ukamtuliza isivyofaa.

Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 80 na 130 kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baada ya kuanza kula. Kipimo cha miezi mitatu, A1C, wengi hulengwa chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee dhaifu daktari anaweza kulegeza. Andika namba hizo tatu kwenye kadi moja kubwa kwa Kihispania, na chora mishale. Mgonjwa huchanganya A1C ya 8 na sukari ya 80, hata anayejua Kiingereza vizuri. Kwa hiyo A1C itajie jina lake kila mara: "el promedio de tres meses", wastani wa miezi mitatu.

Tarehe ni mtego mwingine. 03/04 Marekani ni tarehe 4 Machi. Kwa mgonjwa wako, na kwako wewe pia, ni tarehe 3 Aprili. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Hatua ya sita: asikwambie ameelewa, akuonyeshe

Kama una muda wa hatua moja tu kwa siku, fanya hii.

Mgonjwa atatikisa kichwa na kusema sí, sí. Ndani yake mna heshima, mna haya, na mna haraka ya kuwahi basi. Kwa hiyo usimuulize kama ameelewa. Chukua lawama juu yako: "Quiero saber si le expliqué bien. ¿Me puede decir con sus palabras cómo va a tomar esta medicina?" Nataka kujua kama nimeeleza vizuri, unaweza kuniambia kwa maneno yako utaitumiaje dawa hii? Kikikosewa kitu, eleza upya kwa njia nyingine na umwombe arudie. Rudieni mpaka ikae.

Kwa vidonge, angalia lebo. Maduka mengi ya dawa yanaweza kuchapa lebo kwa Kihispania ukiomba, kwa hiyo piga simu uombe, na mwambie mgonjwa aombe pia. Lebo ya Kiingereza inaweza kuua: neno la Kiingereza la "mara moja", once, ndilo hilohilo kwa maandishi linalomaanisha kumi na moja kwa Kihispania. Mtu anayejua herufi bila kujua Kiingereza anaweza kusoma kwamba ameze vidonge 11 kwa siku. Andika 1, kwa tarakimu, na uchore jua la asubuhi au mwezi wa usiku.

Metformini huchafua tumbo mwanzoni, na wapo wanaoiacha kimya kimya kwa sababu kumlalamikia daktari wanaona ni kumkosea adabu. Wape mlango wa kusema: watu wengi husahau au huacha dozi, wewe kwa wiki umeacha mara ngapi? Swali likija hivyo, namba hutoka.

Sindano ndiyo inayotaka mikono. Weka kalamu ya insulini mezani, pamoja na sindano za aina ileile aliyopewa na duka lake la dawa, na umwambie: "Muéstreme cómo se pone la insulina." Nionyeshe unavyojichoma insulini. Kisha ukae kimya, umwangalie bila kumsaidia.

Tazama hasa vifuniko. Sindano ya kawaida ya kalamu ina viwili: kikubwa cha nje na kidogo cha ndani, cha plastiki, kinachokaa moja kwa moja juu ya sindano yenyewe. Nilimwona baba mmoja akifanya kila kitu kwa unadhifu wa fundi saa. Alinawa mikono, akasugua mpira wa kalamu kwa spiriti, akafunga sindano, akatoa kifuniko kikubwa, akazungusha mpaka uniti 20, akabana tumbo, akabonyeza, akahesabu hadi kumi. Tone la insulini lilikuwa linateremka juu ya shati. Kifuniko cha ndani kilikuwa bado mahali pake. Sukari yake ilikuwa juu ya 300 kwa wiki kadhaa, na dozi ilikuwa inaongezwa kila miadi.

Mwaka 2017 mashirika ya usalama wa dawa nchini Marekani yalitoa onyo kuhusu kosa hili hili, na sababu yake inafaa kujulikana. Wodini mgonjwa hufundishwa kwa sindano ya usalama, ambayo ina ngao inayorudi yenyewe na haina kifuniko cha ndani cha kuondoa. Akienda nyumbani duka linampa sindano ya kawaida. Anafuata sawasawa alichofundishwa, na insulini haiingii. Hakuna mkalimani atakayeokoa hapo kama kifaa cha kufundishia si kile atakachokitumia.

Baada ya vifuniko, hakikisha anatoa uniti 2 hewani kwanza mpaka aone tone, anaacha sindano ndani ya ngozi mpaka amalize kuhesabu, na anabadilisha mahali pa kuchoma. Papasa tumbo lake, kwa ruhusa yake. Ukikuta mabonge magumu, anachoma palepale kila siku na insulini hainyonywi vizuri. Mwulize anaihifadhi wapi: ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, isigande; ya kutumia, aina nyingi hukaa nje ya friji hadi siku 28. Asiiache ndani ya gari, hasa kiangazi cha Texas.

Na akiagizwa vipimo vya damu "en ayunas", bila kula, mweleze wazi siku hiyo dawa gani anameza na ipi anasubiri, kwa maelekezo ya daktari wake. Wapo wanaojichoma insulini ya chakula kisha wanapanda basi bila kula.

Hatua ya saba: zungumzia chakula anachokila yeye

Karatasi ya lishe yenye picha ya mkate wa ngano na brokoli haimsaidii. Muulize jana alikula nini tangu asubuhi hadi kulala, na uanzie hapo. Wamarekani wengi huona tortilla, mkate mwembamba kama chapati, na maharage kama vyakula vigeni. Sisi tuliokulia kwenye ugali wa mahindi, wali na maharage tunaelewa mtu anapotuambia bila tortilla hajala.

Usimkataze tortilla. Zihesabuni. Tortilla ndogo ya mahindi ina takribani gramu 12 hadi 15 za wanga, na ile kubwa ya ngano ya burrito inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo. Kikombe cha wali uliopikwa kina kama gramu 45. Soda ya kopo moja la mililita 355 ina karibu gramu 39 za sukari, na mara nyingi kuondoa soda na horchata, kinywaji kitamu cha mchele, kunasaidia kuliko ugomvi wote kuhusu tortilla. Wa Puerto Rico atakutajia arroz con gandules, na hizo gandules ni mbaazi. Wa El Salvador atakutajia pupusas, mikate minene ya mahindi iliyojazwa. Mwombe akuonyeshe ukubwa kwa viganja vyake, kwa sababu "kidogo" ya mtu haina kipimo.

Njia ya sahani inafanya kazi kwa meza yoyote: sahani ya inchi 9, nusu mboga zisizo na wanga mwingi, robo nyama, samaki au kuku, robo wanga. Chora duara, mpe kalamu, agawe yeye chakula chake. Anayepika akiwepo, mpe kalamu yeye.

Hatua ya nane: sukari ikishuka

Hili lifundishwe siku ya kwanza, kabla hajaondoka na insulini au na vidonge vya jamii ya glyburide. Chini ya 70 ni sukari iliyoshuka, chini ya 54 ni hatari. Dalili atazielewa ukizitaja: jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ale gramu 15 za sukari ya haraka: nusu kikombe cha juisi, au kijiko kikubwa cha sukari au asali. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado iko chini. Ikipanda, ale chakula.

Mgonjwa mtiifu ndiye anayepata shida hapa. Ameambiwa miezi yote sukari ni sumu kwake, kwa hiyo anakaa anatetemeka huku juisi iko kwenye friji. Mwambie kwa uzito, mkalimani atafsiri neno kwa neno, kwamba kwa dakika hizo sukari ndiyo dawa. Familia wajue kwamba akizimia asipewe kitu mdomoni. Wapige 911, namba ya dharura, na waseme "español". Vituo vingi vya 911 huunganisha mkalimani kwenye laini, na hawana haja ya kusubiri mtoto arudi kutoka shuleni ndipo wapige.

Hatua ya tisa: asipotee akishatoka

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea, na si chumbani. Simu ya kukumbusha miadi inakuja kwa Kiingereza. Rufaa ya macho inatumwa kwa barua ya Kiingereza. Duka la dawa linaacha ujumbe kwamba bima imekataa, na mgonjwa anaona tu namba asiyoijua.

Kabla hajatoka, panga mwenyewe miadi ya kupima macho na kipimo cha mkojo cha figo, ambavyo huhitajika kila mwaka, na andika kwenye maombi kwamba anahitaji mkalimani. Mvue soksi, angalia miguu, mwonyeshe kutumia kioo kutazama nyayo. Mpe maandishi ya Kihispania kutoka MedlinePlus, tovuti ya maktaba ya taifa ya tiba ambayo ina upande mzima wa Kihispania na hailipiwi. Uliza kama mtaa wake una promotora de salud, mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea nyumba kwa nyumba. Ni kazi ileile ya wahudumu wetu wa vijijini, na promotora mmoja mzuri atajua mambo ambayo faili halitayajua kamwe: kwamba friji imeharibika, kwamba mume amepoteza kazi, kwamba mama anagawana vijiti vya kupimia na dada yake.

Kwenye faili andika jina au namba ya mkalimani, dawa ulizozikuta kwenye mfuko, alichokionyesha kwa mikono yake na alichokosea. Siku tatu au nne baadaye mpigie simu ukiwa na mkalimani tayari kwenye laini, umuulize namba za asubuhi. Asipopokea, mkalimani aache ujumbe kwa Kihispania, pamoja na namba ya simu ambayo akiipiga atajibiwa na mtu anayeielewa lugha yake.